Rutuba Chumbani

Mzee Ruwa hakuwa na shamba, kwa sababu shamba la babake kule Kinango liligawanywa kabla hajaota ndevu. Hakuwa na cheti cha shule ya mchana. Hakuwa na ndugu wa kiume aliye hai, wala gari, wala meno mawili ya mbele, ambayo aliyaacha bandarini siku ile kulabu ya winchi ilipokikosa kichwa chake kwa upana wa vidole viwili. Hakuwa na sauti ya kuadhini. Hakuwa na subira ya kumngoja mtu amalize sentensi aliyoianza vibaya. Hakuwa na mazoea ya kuuliza njia. Afadhali apotee saa nzima katika vichochoro vya Timbwani kuliko kumsimamisha muuza maandazi. Na tangu mwezi wa Mei, hakuwa na mke.

Alichokuwa nacho ni nyumba ya mawe huko Likoni, mwana mmoja Doha, na Kiswahili. Kiswahili hicho hakukipata bure. Alianza kusoma herufi akiwa na miaka ishirini na sita, katika darasa la ngumbaru nyuma ya msikiti, mabega yakimuuma kwa magunia aliyoyashusha tangu alfajiri. Wenzake walisinzia, yeye alijifinya paja. Kutoka kuli akawa karani wa kuhesabu makasha, na mwaka aliomaliza masomo mwalimu alimpa zawadi ya kamusi, yenye jina lake kwa wino mwekundu. Tangu siku hiyo alisahihisha. Alisahihisha mabango ya maduka, alisahihisha wasomaji wa habari kwenye runinga, na katika harusi ya mwanawe Abdulaziz aliisahihisha hotuba ya msemaji wakati bado inasomwa. Watu walicheka, naye akadhani wamefurahi.

Bibi harusi siku hiyo alikuwa Zuleikha. Kwao ni watu wa Mvita tangu enzi, waliouza nyumba ya Mji wa Kale wakahamia Utange walipozidi kuwa wengi. Abdulaziz aliporudi kazini Doha, alimwacha mkewe Likoni akae na wazee. Zuleikha alikuwa mtu wa maneno machache, lakini hayo machache yalikuwa ya kwao, ya kale, aliyoyanyonya pamoja na maziwa.

Mastura, mke wa Mzee Ruwa, alikuwa na pumu. Kila masika, hewa inapokuwa nzito na nguo zikikataa kukauka kambani, kifua chake kilipiga filimbi. Daktari alimwambia Mzee Ruwa waziwazi: "Chumba chake kiwe baridi kiasi, na kiwe kikavu. Kikavu, mzee, hilo ndilo muhimu." Mzee Ruwa aliandika maneno yote mawili kwenye kijitabu chake. Aliloondoka nalo kichwani ni baridi.

Mashine ya kwanza ya ubaridi aliinunua kutoka hoteli moja ya Nyali iliyokuwa ikibadilisha za zamani. Ilikuwa ndogo, imebadilika rangi kama jino la mvuta sigara, na ilinguruma polepole kutwa kucha. Nje ya ukuta mpira wake ulidondosha maji, tone baada ya tone, na Mastura akaweka ndoo chini yake. Maji Likoni huja kwa mkokoteni, mtu hayaachi yakapotea. Kufikia alasiri ndoo ilijaa hadi ukingoni, ikawekwa nyingine.

Majirani wakaanza kuuliza kama maji hayo yafaa kutawadhia. Mzee Ruwa alilikalia suala hilo barazani kama kadhi.

"Hayo ni maji ya hewa," aliwaambia. "Yalikuwa yakielea humo chumbani msiyaone. Mashine inayakamata na kuyatoa nje. Tofauti yake na mvua ni nini?"

"Mvua haina plagi," akasema Mweri, jirani yake, na baraza lote likaangua kicheko.

Lakini watu walitawadha, na Mastura akalala. Miaka mitatu alilala bila kuamka kukaa kitako akitafuta pumzi.

Februari ya mwaka huu mashine ikafa. Fundi Musyoka, Mkamba aliyekuja Mombasa akiwa kijana na sasa ana wajukuu wanaosema "wallahi", aliifungua, akaitazama, akaifunga tena kwa heshima kama mtu anayemfunika maiti. Kisha akakipima chumba kwa hatua.

"Nne kwa tatu," alisema. "Nunua ya elfu tisa, mzee. Mashine hizi zinahesabiwa kwa nguvu. Ya elfu tisa kwa chumba hiki ni sawasawa."

"Kubwa kabisa ni ya ngapi?"

"Za nyumbani? Elfu ishirini na nne. Lakini hiyo ni ya ukumbi wa harusi."

"Basi mke wangu atalala ukumbini. Ugonjwa mkubwa hutaka dawa kubwa."

"Mzee, kubwa si nzuri kwa chumba kidogo. Hai—"

"Musyoka. Wewe ni fundi wa mkono. Haya mengine ni hesabu, niachie mimi."

Abdulaziz akatuma kile alichoambiwa atume. Mashine ikapachikwa juu ya kitanda, nyeupe, ndefu kama jeneza la mtoto, jambo ambalo Mastura alilisema kwa mzaha na Zuleikha akamwomba asiseme tena. Ilipowashwa, dakika tano hazikupita chumba kikawa kama ghala la barafu. Mzee Ruwa aliwaita majirani waingie wawili wawili waonje.

"Wallahi, nguru angekaa humu wiki nzima," alisema Mweri akijikumbatia.

"Hiyo ndiyo elfu ishirini na nne," alisema Mzee Ruwa.

Mashine ilipuliza kwa kishindo, ikafikia baridi iliyoamriwa, ikanyamaza. Baada ya muda ikashtuka tena, ikapuliza kidogo, ikanyamaza. Siku nzima ilikuwa hivyo, kama mtu mwenye kwikwi.

Masika yalipoanza, Mastura akarudi kukohoa. Shuka zake zilikuwa baridi lakini hazikuwa kavu. Ukizigusa ungedhani zimeanuliwa mapema. Nyuma ya kabati ukuta ulikuwa na madoa meusi. Kanga zake za sandukuni, alizokuwa akizifukiza udi, zilianza kunuka kisima. Mumewe alipunguza nyuzi za baridi kutoka ishirini na nne hadi ishirini, na kutoka ishirini hadi kumi na nane. Kikohozi kikazidi.

Ijumaa moja baada ya sala, Mzee Ruwa alikuwa sebuleni na dadake Mwanarehema, na Mweri, na wageni wawili wa msikitini. Zuleikha alileta kahawa na kashata, akamimina vikombe vyote, lakini hakuondoka.

"Baba."

"Sema, mwanangu."

"Naomba nikwambie neno. Kile chumba cha Mama kina rutuba."

Mzee Ruwa alikiweka kikombe chini. "Kina nini?"

"Rutuba, Baba. Kuta zatoka jasho. Shuka zi mbichi."

"Rutuba!" Mzee Ruwa aliwageukia wageni, macho yakimng'aa kama ya mwalimu aliyepata mfano mzuri. "Mmesikia? Mwanangu, rutuba ni ya udongo. Shamba lina rutuba. Sasa chumba cha kulala kikiwa na rutuba, tupande nini, mchicha mvunguni?"

Wageni wakacheka.

"Na mihogo!" alisema Mweri. "Mastura atavuna bila kushuka kitandani!"

Zuleikha alingoja kicheko kiishe. "Kwetu ndivyo tusemavyo, Baba."

"Kwenu mnasema mengi. Neno unalolitafuta ni unyevu. U-nye-vu. Na unyevu haukai penye baridi kama ile."

"Haya, Baba. Lakini na ndoo haijai. Zamani ilijaa mara mbili kwa siku. Sasa kutwa nzima ni vikombe viwili vitatu."

"Haijai kwa sababu hewa imekwisha kukauka. Hakuna cha kutolewa. Hesabu nyepesi hiyo, hata mtoto wa madrasa angeijua."

Mwanarehema akamwambia Zuleikha aende akatazame chungu jikoni, na Zuleikha akajibu "abee, shangazi", akaenda. Toka siku hiyo hakusema tena habari ya rutuba, si kwa Mzee Ruwa wala kwa mtu mwingine.

Alichofanya ni kuishika rimoti. Kulikuwa na kitufe chenye picha ya tone la maji, na kila alipokibonyeza chumba kilipoa kidogo tu, lakini ndoo nje ilianza kusikika. Mzee Ruwa aliingia, akaona chumba hakina ile baridi yake, akaichukua rimoti na kuitia mfuko wa shati. Ikakaa humo, hata alipokwenda msikitini.

Kisha ikaja Jumatatu ile. Mvua ilikuwa imekatika, jua likatoka kali, upepo ukavuma kutoka ufuo wa Shelly. Mzee Ruwa alikuwa amevuka kivuko kwenda mjini kushughulikia karatasi za pensheni. Aliporudi saa nane alikuta godoro limeanikwa uani juu ya viti vinne, na shuka, na mito, na kanga zote za sandukuni zikipepea kambani kama siku ya Idi. Dirisha la chumba lilikuwa wazi. Mashine ilikuwa imezimwa kwenye swichi ya ukutani. Na Mastura alikuwa ukumbini juu ya mkeka, ameegemea ukuta, Zuleikha akimsuka. Walikuwa wakizungumza juu ya mwanamke mmoja wa Mtongwe aliyeolewa na mume asiyejua kupika hata chai, na Mastura alikuwa akicheka. Alicheka kicheko kirefu, hadi mwisho, bila kukatwa na kikohozi.

Mzee Ruwa aliyaona hayo yote. Aliyaona, na bado akasema: "Nani amezima mashine?"

"Mimi, Baba," alisema Zuleikha.

"Baba Aziz," alisema Mastura, "mwache mtoto. Leo nimepumua."

"Umepumua kwa sababu ya baridi ya jana iliyobaki mwilini. Rudisheni godoro ndani. Joto hili litamuua."

Walirudisha godoro. Dirisha likafungwa. Mashine ikashtuka, ikapuliza.

Mastura alifariki Alhamisi, kabla ya adhuhuri. Kifua kilimbana ghafla. Mumewe alitoka mbio kutafuta dawa ya kuvuta, maana ile ya nyumbani ilikuwa imekwisha, na duka la kwanza halikuwa nayo, na la pili pia. Aliporudi nayo mkononi, Zuleikha alikuwa ameketi kitandani, kichwa cha Mastura kifuani pake, akimsomea sikioni. Aliinua macho tu. Juu yao mashine ilikuwa kimya, imeshafikia baridi yake.

Katika matanga watu humuuliza mfiwa ilikuwaje. Si ubaya, ni njia ya kumpa nafasi ya kusema. Mzee Ruwa aliulizwa mara arubaini, na mara arubaini alijibu: "Mashine ilizimwa siku tatu kabla."

"Ikazimwa na nani?"

"Na aliyekuwa naye."

Hakutaja jina. Hakuwa na haja. Mwanarehema alilijua, na alichokijua Mwanarehema kilivuka kivuko kabla ya magari. Siku ya saba kilikuwa Doha. Siku ya kumi Abdulaziz alimpigia mkewe simu, akamwambia aende kwao Utange mpaka atakapofikiri. Zuleikha alifunga nguo zake katika mkoba mmoja, akamwamkia baba mkwe wake shikamoo, akampa funguo za jikoni, akamwonyesha mchele ulipo. Mzee Ruwa aliitikia marahaba. Alikuwa akisoma gazeti, na hakuliweka chini.

Wiki ya tano Musyoka akaja kutoa rambirambi. Alikuwa Voi kwa kazi, alisema, habari ilimfika kwa kuchelewa. Aliketi, akanywa maji, na macho yake, kama macho ya fundi yeyote, yakaenda yenyewe hadi kwenye mlango wa chumba.

"Niitazame, mzee? Bila malipo. Isije ikaharibika kwa kukaa."

Aliiwasha. Akakaa kwenye kiti, akiangalia saa yake. Mashine ikapuliza, ikanyamaza. "Dakika nne," alisema Musyoka. Alipapasa ukuta nyuma ya kabati, akakitazama kiganja chake, akakifuta kwenye suruali.

"Sema," alisema Mzee Ruwa.

"Mzee, umefiwa. Haifai."

"Sema, Musyoka."

"AC haitoi baridi tu. Inatoa maji. Lakini maji yanataka muda. Mashine ikimbie, ikimbie tu polepole, hewa ipite mara nyingi, maji yajikusanye, yadondoke nje. Hii yako ina nguvu mno. Inapoza chumba dakika nne, inazima. Maji yaliyoshika ndani hayajapata muda wa kudondoka, feni inayapuliza tena humu humu. Kwa hiyo una baridi, lakini baridi yenye maji. Ukuta unaota koga. Mwenye kifua..."

"Ile ndogo ilijaza ndoo mbili."

"Kwa sababu ilikuwa haipumziki."

"Na ndoo isipojaa, maana yake nini? Si maana yake hewa imekauka?"

"Kwa nyumba ya Likoni, masika, mzee?" Musyoka alisema taratibu. "Ndoo isipojaa, maji yamebaki ndani."

Mzee Ruwa alikaa kitandani, palepale ambapo Zuleikha alikuwa amekaa. Baadaye akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo: "Mtu akizima mashine, akafungua dirisha siku ya jua, akaanika godoro. Amekosa?"

"Angefungua dirisha na mashine inakimbia, angekosa, angeingiza jasho la nje. Alizima kwanza?"

"Alizima."

"Basi huyo alijua alilolifanya."

"Ndiyo iliyomuua? Mashine?"

"Mimi ni fundi wa mkono, mzee," alisema Musyoka, na hakulisema kwa kisasi. Alilisema kwa sababu ni kweli. "La kufa na kupona silijui."

Musyoka alipoondoka, Mzee Ruwa alibaki chumbani. Rafu ya vitabu vyake ilikuwa humo, karibu na kichwa cha kitanda, maana Mastura alipenda asomewe. Alitoa kamusi. Jalada lilikuwa na vumbi la kijani, na kurasa zilikuwa zimeshikana. Ilimbidi azibandue kwa wembe, moja moja, kama mtu anayefungua kidonda. Jina lake la wino mwekundu lilikuwa limeyeyuka likawa wingu. Akaenda hadi R. Alipita neno hilo mara mbili kwa sababu miwani ilikuwa imeingia ukungu.

Rutuba. Kwanza, hali ya udongo kuwa na mbolea. Pili, unyevu, hali ya umajimaji.

Miaka zaidi ya arubaini alikuwa na kitabu hicho. Alisoma maana ya kwanza siku fulani katika ujana wake, akatosheka, hakushuka hadi mstari wa pili.

Alimpigia Abdulaziz saa hiyo hiyo, bila kungoja saa zake za mapumziko. Nyuma ya sauti ya mwanawe kulikuwa na mlio wa kreni.

"Baba? Kuna nini?"

"Mkeo hakukosa."

"Baba, niko kazini."

"Mashine niliichagua mimi. Ilikuwa kubwa kuliko chumba. Zuleikha aliniambia, nikamcheka. Alimtoa mamako ukumbini siku moja, na siku hiyo mamako alicheka. Hakumdhuru. Nilikosea."

"Ulikosea," alisema Abdulaziz. "Wewe."

"Mimi."

"Nimemwandikia talaka, Baba. Jumanne. Kwa simu. Nilimwambia siwezi kulala na mtu aliyemzimia mamangu pumzi. Hivyo hivyo, kwa maneno hayo." Sauti yake ilipasuka. "Kwa sababu ulisema."

"Kama ni talaka moja tu, muda wa kumrejea upo."

"Nimrejee kwa mdomo upi?" alisema Abdulaziz, na simu ikakatika.

Kumpigia Zuleikha kulimchukua Mzee Ruwa siku mbili. Alijitayarishia maneno, akayaandika, akayakariri. Zuleikha alipopokea, alisema, "Shikamoo, Baba," kama vile ametoka tu kuanua nguo, na maneno yote yakapotea.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Wala nini siku hizi? Shangazi Mwanarehema yuwaja kukupikia?"

"Huja."

"Usile chumvi nyingi."

"Zuleikha, nataka nije Utange. Nije kwa babako, nikae mbele yake—"

"Usije, Baba." Hakupandisha sauti. "Ukija nitalia, nami nimechoka kulia. Aziz amenipigia, amenieleza. Nimesikia."

"Atakurejea. Nikimwambia atakurejea."

"Ameniacha kwa simu, sasa ataka kunirejea kwa simu. Sitaki kuwa mtu wa kuzimwa na kuwashwa." Hapo ndipo sauti yake ilipoanza kutetema. "Mimi lililoniuma si talaka. Nilimshika mikononi, Baba. Akafa mikononi mwangu, nikatoka nje na maji ya macho, na watu wakanipisha njia kama mwenye ukoma. Hata kaburi lake sijaliona. Hapa Utange wanawake wanayajua. Babangu asalipo, ayasikia nyuma yake."

"Nifanye nini?"

"Wewe ni mtu wa kuandika," alisema Zuleikha. "Ulisema mbele ya watu. Andika barua, babangu aisome mbele ya watu."

Mzee Ruwa aliketi mezani asubuhi iliyofuata, baada ya chai. Barua ya kwanza ilikuwa kurasa nne. Ilieleza habari ya hewa na maji, na nguvu za mashine, na jinsi kosa lilivyoweza kumpata hata mtu mwenye elimu. Aliisoma yote, akaona anajitetea kwa insha, akaichana. Ya pili ilikuwa na maneno "huenda" na "pengine" na "kwa bahati mbaya". Akaichana. Ya tatu ilianza na kifo cha Mastura na hakuweza kuiendeleza, kwa sababu machozi yaliharibu karatasi. Alikaa akiwa na mikono juu ya meza hadi adhana ya adhuhuri. Aliporudi msikitini aliandika hii, bila kufuta neno:

*Kwa Zuleikha binti Ahmad, Utange.*

*Mwanangu, asalaam alaykum.*

*Ijumaa moja, mbele ya Mweri na dada yangu na wageni wawili, ulisema chumba cha mamako kina rutuba. Nilikucheka na nikawachekesha watu. Neno lako lilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekuwa sijui Kiswahili.*

*Uliniambia ndoo haijai. Hiyo ilikuwa hesabu sahihi, na mimi niliihesabu kinyume.*

*Mashine niliichagua mimi. Fundi alinionya, sikumsikiliza. Wewe uliizima siku moja, ukafungua dirisha, ukaanika godoro, na siku hiyo Mastura alipumua na alicheka. Nilimwona kwa macho yangu. Nilimrudisha ndani mimi, si mwingine.*

*Katika matanga nilisema mashine ilizimwa, nikaacha watu wamalize wenyewe. Huo ulikuwa uongo, ijapokuwa kila neno lake lilikuwa kweli. Aliyekufia mikononi alikuwa salama mikononi mwako kuliko mikononi mwangu.*

*Mzee Ahmad, nakuomba uisome barua hii kwa sauti, msikitini kwenu, baada ya sala ya Ijumaa. Hapa Likoni nitaisoma mwenyewe Ijumaa hiyo hiyo.*

*Sikuombi urudi, mwanangu. Kaburi liko upande wa kibla, la tatu kutoka ukutani. Njoo siku yoyote. Nikiwa hapo, nitaondoka nikupishe.*

*Ruwa.*

Aliikunja mara tatu. Kabla ya kutoka alimwita Mweri kutoka barazani, akampa aisome. Mweri alisoma huku midomo ikicheza, akafika katikati, akavua kofia, akaendelea hadi mwisho.

"Umeniandika na mimi," alisema.

"Ulikuwepo."

"Nilikuwepo," alisema Mweri. "Mimi ndiye wa mihogo." Akamrudishia karatasi, akaondoka bila kuaga.

Kwenye kaunta ya posta palikuwa na dada mmoja kijana, amechoka kwa joto, akijipepea na fomu. Jina lake lilikuwa limebandikwa kifuani: Mercyline.

"Ya kawaida ama rejista, mzee?"

"Rejista. Anayepokea atie sahihi."

"Ni hati ya shamba? Siku hizi watu hawaandiki barua, wanatuma hati tu."

"Ni barua."

Aliitia karatasi ndani ya bahasha palepale mbele yake. Alilamba ukingo, lakini gundi haikushika. Ilikuwa imelainika, kama gundi zote za Mombasa. Mercyline akamsukumia kichupa cha gundi ya ofisi. Mzee Ruwa alipaka polepole kutoka pembe hadi pembe, akafunga, akaukandamiza ukingo kwa kiganja, akakiacha kiganja hapo muda mrefu kuliko gundi ilivyohitaji. Nyuma yake mtu alikohoa, foleni ikasogea.

"Nipe, mzee," alisema Mercyline.

Akampa. Dada akaipima, akabandika stempu, akagonga muhuri mara mbili, akaitupa ndani ya gunia lililokuwa wazi miguuni pake.